Miezi tisa ya mama: namna ya kulinganisha hatua za mtoto wako na za kwako ulipokuwa mdogo

Binti yangu Kidawa alitimiza miezi 16 bila kutembea. Alikuwa anasota. Anakunja mguu wa kushoto chini ya paja, anatia kiganja cha kulia sakafuni, anajisukuma kwa makalio, na kwa mwendo huo alikuwa anavuka kibanda changu cha ushonaji kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni kabla mteja hajamaliza kupiga hodi. Mama yangu huja kututazama kila Ijumaa baada ya sala, na kila akimwona alikuwa na neno lile lile: "Wewe ulitembea na miezi tisa." Hakuwa na ubaya. Ila neno hilo liliporudiwa mara ya nne, mke wangu akaanza kukosa usingizi, na mimi nikaanza kumsimamisha mtoto kwa nguvu hadi analia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Fundi mwenye akili hakati kitambaa kwa kuambiwa "kiuno changu thelathini". Mteja anataja kiuno cha miaka mitano iliyopita, tena kwa nia njema kabisa. Unachukua tepu, unapima. Ikanijia kwamba ile miezi tisa ya mama nayo inataka tepu. Nitaeleza nilivyoipima, na mahali nilipokosea, kwa ajili ya mzazi mwingine anayeambiwa kila siku "wewe ulipokuwa kama yeye".

Anza na mtoto aliye mbele yako, wala si hadithi. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni: nilikwenda kwa mama na shangazi kwanza, nikarudi nimejaa maneno, na kila nilichokiona kwa Kidawa nikakiona kwa macho yao. Mpe mtoto wiki moja ya kuandikwa kabla hujauliza mtu. Mimi nilitumia kurasa za mwisho za daftari la vipimo vya wateja. Andika tarehe, andika ulichokiona kwa macho, usiandike maoni. "Jumatatu. Kashika mguu wa meza, kasimama dede, kahesabiwa hadi nane, kakaa." Hiyo inatosha. "Anakaribia kutembea" haisaidii mtu.

Halafu kubalianeni maneno. Nyumba nyingi zinagombana kuhusu mtoto kwa sababu "kutembea" ni nguo moja inayovaliwa na watu watatu. Kuna kusimama dede kwa kushika. Kuna kwenda tete huku anashika ukuta au vidole vya mtu. Kuna kupiga hatua kadhaa mwenyewe, mikono hewani, hajashika kitu. Shirika la Afya Duniani lilipowafuatilia watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani (ndiyo, Maskati kwa wajomba zetu nao walipimwa) liliyatenganisha mambo hayo, na kila moja likapewa mapana yake. Kukaa bila kuegemezwa: kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti: 5.2 hadi 13.5. Kutembea kwa kushikwa: 5.9 hadi 13.7. Kusimama peke yake: 6.9 hadi 16.9. Kutembea mwenyewe: 8.2 hadi 17.6. Hayo yalitolewa mwaka 2006. Tazama upana wa hilo la mwisho: mtoto wa miezi tisa na mtoto wa miezi 17 wote wawili wamo ndani. Na watoto kama wanne katika kila 100 hawakutambaa kwa magoti kabisa, waliruka hatua hiyo.

Nilipokuwa na namba hizo kwenye daftari, moyo ulitulia kidogo. Lakini swali la mama lilikuwa bado lipo.

Sasa kuhusu kuuliza wazee. Usiulize "nilitembea lini?" Ukiuliza lini, utapewa jibu lililokwisha kupigwa pasi miaka mingi, na kila mama jibu lake ni mapema. Mimi nililiuliza, nikapewa miezi tisa mara tatu. Kilichofungua mlango ni suruali.

Kwa alivyokuwa anasota Kidawa, suruali zake zilikuwa zinaisha matakoni kwa wiki mbili. Nikazishonea kiraka cha jinzi, duara kubwa, na ndani nikatia kitambaa cha pili. Ijumaa moja mama amekaa kwenye mkeka, anamvua mtoto nguo amwogeshe. Akaigeuza ile suruali, akakipapasa kiraka kwa kidole gumba kwa muda, akacheka peke yake.

"Haya mambo! Hata wewe nilikuwa nakutia viraka matakoni. Kaptura za kaka yako zote ulizimaliza kwa kusota."

Nikaacha cherehani. "Mama, si nilitembea na miezi tisa?"

"Ulitembea, ndiyo."

"Sasa hizo kaptura za kaka nilizimalizaje?"

Akanyamaza, kashika suruali mkononi, mtoto yuko uchi anataka kukimbilia beseni kwa makalio. "Ngoja kwanza, baba," akasema. "Ngoja."

Kwa hiyo shauri langu ni hili: mpe mzazi kitu mkononi. Nguo, mkeka wa zamani, picha, beseni, jina la nyumba mliyokuwa mmepanga. Kisha muulize habari za kitu hicho, na umwache aende anakotaka. Kumbukumbu ya umri ni dhaifu, ila kumbukumbu ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake, kama kutia viraka, ina nguvu.

Baada ya hapo ndipo unafunga habari kwenye matukio. Hapa pana ufundi kidogo. Kwa kila hatua usitafute siku moja, tafuta mbili: siku ya mwisho ambayo mtu ana hakika ulikuwa *bado*, na siku ya kwanza ambayo ana hakika ulikuwa *tayari*. Ukweli umelala katikati. Mimi nilizaliwa tarehe 12 Aprili 1996. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei, mama anakumbuka kwa sababu hakuwa ametoka arobaini na alilia kwa redio. Basi tukaanzia hapo. Maulidi ya mwaka uliofuata, Mfungo Sita, ilianguka Julai 1997. Je, nilikuwa natembea? "Wapi! Ulikuwa unasota kwenye mikeka ya watu, ukamwaga kikombe cha kahawa cha mzee mmoja wa heshima." Hiyo ni *bado*, na nina miezi 15. Kisha zikaja mvua za El Nino, Oktoba 1997. "Mvua zilipoanza ulikuwa unatoka mwenyewe uani kukanyaga matope, nikakuchapa." Hiyo ni *tayari*, na nina miezi 18. Picha ya Idi, mwishoni mwa Januari 1998, nimesimama na kanzu katikati ya kaka zangu, ikathibitisha tu.

Kwa hiyo nilitembea baina ya miezi 15 na 18. Miezi tisa ilitoka wapi? Kwenye kadi.

Kabla ya kadi, neno moja kuhusu wazee wa pwani: wengi huhesabu kwa mwezi unaoandama. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, kwa hiyo "mwaka na nusu" ya bibi yako inakuwa fupi kwa siku kama 16 kuliko ya kalenda ya ukutani. Si nyingi, ila ukikaa mpakani zina maana. Na kama wewe si mtu wa Maulidi, tumia chako: uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999, bomu la Nairobi na Dar Agosti 1998, mtu wa Goma ana mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002. Kila familia ina kalenda yake.

Kadi yangu ya kliniki ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na stakabadhi za kiwanja. Usiamini kwamba haipo hadi umefungua makopo yote na chini ya kila godoro. Pale penye chanjo ya surua, inayotolewa kwa miezi tisa, pameandikwa 14 Januari 1997, Ramadhani imeanza siku chache tu nyuma yake. Mama akaitazama tarehe ile akakumbuka kila kitu: alikuwa amefunga, foleni ndefu, mimi nikashika benchi la mbao nikawa nasogea hatua kwa hatua kuufuata mkoba wa mtu, na nesi akasema, "Huyu kashatembea!" Nesi alisifu mtoto anayetembea kwa kushika benchi. Mama akachukua sifa, akaiweka. Baada ya miaka 28 sifa ikawa tarehe.

Kwenye kadi utavutwa pia kulinganisha uzito. Hapo nenda taratibu. Mstari wa uzito kwenye kadi za miaka yetu haukuchorwa sawa na wa sasa. Mistari ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuwa linashauri nchi zitumie kabla ya 2006 ilitokana na watoto wa Marekani, na ile ya watoto wachanga ilitoka kwa watoto wa Ohio ambao wengi wao walikunywa maziwa ya chupa. Mistari ya sasa imetokana na watoto walionyonyeshwa, wa nchi sita. Kwa hiyo wewe uliyekuwa "kijivu" mwaka 1996 na mtoto wako aliye "kijani" leo hamkupimwa kwa tepu moja. Linganisha kilo kwa kilo katika umri uleule, usilinganishe rangi. Na kama mmoja wenu alizaliwa njiti, toa zile wiki kabla ya kuhesabu, hadi atimize miaka miwili: aliyezaliwa wiki nane kabla ya siku zake, akiwa na miezi 12 mhesabu kama wa miezi 10.

Kumbukumbu zako mwenyewe ziweke kando. Mimi niliapa kwamba nakumbuka kukaa ndani ya ndoo nyekundu naogeshwa. Ikaonekana ipo picha ya ndoo hiyo, na aliyemo ni kaka yangu. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya kweli ya kabla ya miaka mitatu hivi.

Jihadhari pia na kile ambacho familia imekikumbuka *vizuri mno*. Dada yangu mkubwa meno ya juu yalitangulia ya chini. Zamani pwani mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na ilikuwa nuksi. Hadi leo ukimuuliza mtu yeyote wa nyumba yetu atakutajia mwezi, siku, sadaka iliyotolewa na mbuzi aliyechinjwa. Ukiwauliza dada alikaa lini, alisema lini, hakuna ajuaye. Familia huhifadhi kilichoitisha na kilichoipa sifa. Mambo ya katikati, ambayo ndiyo mengi, yamepotea, na usiyabuni ili daftari lijae. Acha wazi. Langu lina nafasi wazi kwenye "kukaa" na "kupunga mkono".

Haya, sasa una safu mbili. Zinakwambia nini?

Zinakwambia kidogo kuliko unavyotaka. Kusota kwa makalio kweli hufuata ukoo. Watoto wanaosota mara nyingi huwa na mzazi au ndugu aliyesota, na hutembea kwa kuchelewa kuliko waliotambaa. Hilo kwangu lilifaa sana, maana lilieleza kitu. Lakini katika utafiti uliotolewa mwaka 2025 juu ya watoto zaidi ya 70,000 wa asili ya Ulaya, tofauti za kinasaba zilieleza kama robo tu ya tofauti ya umri wa kuanza kutembea. Na mtoto ana pande mbili. Nilimpigia mama mkwe Lushoto, nikampa shikamoo, nikauliza habari za mke wangu kwa njia ileile ya viraka, nikapata kwamba yeye alitambaa kwa magoti na kutembea kabla ya mwaka. Kidawa angeweza kufuata huko.

Halafu kuna malezi. Miaka ya 1970 Charles Super, mtafiti kutoka Marekani, aliwaangalia watoto wa Kikipsigis kijijini Kokwet, Kenya. Waliwahi kukaa na kutembea kuliko watoto wa Marekani, ila kutambaa hapana. Sababu ilikuwa wazi: mama zao walikuwa wanawafundisha kukaa na kutembea, na kutambaa hakuna aliyewafundisha. Kwa hiyo ukiuliza wewe uliwahi nini, uliza pia nani alikufundisha. Mimi bibi alinichimbia kishimo mchangani, akanizungushia kanga, akanikalisha. Kidawa amekulia juu ya sakafu ya saruji na kwenye kiti cha plastiki, na baba yake yuko kwenye cherehani. Jirani alitaka kutupatia kile kigari cha magurudumu cha kumtembezea mtoto. Nikakataa kwa heshima. Hakimfundishi mtoto kutembea, na Kanada ilipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu watoto walikuwa wanaporomoka navyo kwenye ngazi.

Kuhusu kusema, nitakuwa mfupi kwa sababu ulinganisho wake ni dhaifu zaidi. "Ulikuwa kasuku" si kipimo. Kwa mtoto, hesabu neno pale analitumia mwenyewe, kwa maana ileile, zaidi ya siku moja, hata kama halijanyooka. Kidawa alikuwa na "ma" ya maji, "ika" ya shika, na "ba" ambayo ilikuwa baba na bajaji pia. Hilo nililihesabu mara mbili, mke wangu akasema najipendelea. Nyumba ya lugha mbili, hesabu zote pamoja. Mama yake humsemesha Kisambaa, na maneno mawili ya Kisambaa mimi nilikuwa siyasikii kabisa.

Sasa jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Ulinganisho huu una hatari moja: sentensi ya "hata baba yake alichelewa". Katika ukoo wetu mpana yupo mtoto aliyefika miaka miwili na nusu hana maneno matano. Kila mtu akasema ni damu, baba yake naye alisema akiwa na miaka mitatu. Wakatulia. Mtoto alikuwa anatoka usaha masikioni mara kwa mara, alikuwa hasikii vizuri. Na baba yake? Baba yake hadi leo ukimsemesha anageuza shingo akuletee sikio la kushoto, sisi wote tulidhani ni mapozi. Kufanana kwao kulikuwa kweli. Ila walichofanana ni masikio mabovu ambayo hakuna aliyeyapima kwa vizazi viwili.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo ukiyaona, funga daftari, nenda kliniki, hata kama ukoo mzima ulikuwa hivyo. Mtoto kupoteza kitu alichokwisha kukiweza. Miezi 18 imetimia hatembei. Mwaka umefika na haitiki jina lake wala hashtuki kwa sauti. Miezi 18 na haonyeshi kwa kidole anachokitaka. Hajafika mwaka na mkono mmoja tu ndio unaofanya kazi, au upande mmoja wa mwili umelegea au umekakamaa. Hapa Tanzania kuna chanjo ya pili ya surua-rubela kwa miezi 18. Hata kama hujioni una shida, usiikose, na uende na maswali yako.

Sisi hatukungoja. Kidawa ana miezi 16 na nusu tulimpeleka, na nikaenda na daftari. Nesi alicheka kuona vipimo vya suti upande mmoja na vya mtoto upande mwingine, lakini alilisoma. Alitaka kujua hasa kuhusu ule mguu wa kushoto uliokunjwa. Akamlaza, akamtanua mapaja, akapima urefu wa miguu, akamsimamisha akaangalia kama anakanyaga kwa nyayo zote mbili, akampa kijiko kwa mkono huu na ule. Habari ya mimi kusota hadi baada ya miezi 15 aliiandika kwenye kadi, na ndipo nilipoona kazi yote ile ilikuwa na faida: haikuchukua nafasi ya kipimo, iliwekwa kando ya kipimo. Akatuambia tusimsimamishe kwa nguvu, tumwekee vitu juu ya kiti badala ya sakafuni ili avifuate, miguu iwe mitupu, na tumrudishe kwa miezi 18 akiwa hajatembea.

Daftari, ukurasa wa pili kutoka mwisho: "Alhamisi. Miezi 17 na siku 9. Hatua nne kutoka kwenye mguu wa cherehani hadi beseni la vipande. Hakushika kitu. Kakaa, kacheka, kasota kurudi."

Kesho yake mama akaja. Alimtazama akienda tete mara tatu, akapiga vigelegele, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa anangoja gauni lake la harusi. "Huyu kafuata damu," akamwambia. "Baba yake alitembea na miezi tisa."